Karafuu Iliposhuka, Shamba Lilinunuliwa na Nani?

Zamani kisiwani Pemba, mtu aliyetaka kununua shamba la karafuu hakuanza kwa kupima ardhi. Alihesabu mashina. Alipita shambani mstari kwa mstari akitenganisha mikarafuu inayozaa, michanga ambayo wakati wake haujafika, na mizee iliyoanza kukauka vilele, na bei ikasimama juu ya hesabu hiyo. Udongo ulifuata mti. Kibanda cha udongo na makuti kilichokuwa pembeni mara nyingi kilikuwa mali ya mtu mwingine kabisa: mkaazi aliyeruhusiwa kujenga na kulima mihogo, bila haki yoyote juu ya ardhi wala juu ya mti wa kudumu. Shamba lilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na mali tatu, yaani mti, ardhi na nyumba. Uchumi ulipoyumba, kila moja ilipoteza thamani kwa njia yake.

Wachumi wa kilimo husema bei ya shamba hufuata bei ya zao. Kwa muda mrefu ni kweli. Miaka ya dhiki, hata hivyo, ina mwendo wake. Zao linaposhuka bei, wenye mashamba wa eneo zima huishiwa kwa pamoja, kwa sababu wote wanauza kitu kilekile. Jirani ambaye mwaka wa neema angenunua shamba la mwenzake, sasa naye anatafuta wa kumuuzia lake. Hapo kinachoamua bei ni nani, kijijini au nje ya kijiji, bado ana fedha mkononi, na kama sheria na mila zinamruhusu kununua. Huyo mnunuzi aliyebaki ndiye anayepanga bei, na ndiye anayeamua kama nyumba itakaliwa au itaachwa ibomoke. Hakuna mahali katika Afrika Mashariki panapoonyesha jambo hili wazi kuliko Unguja na Pemba za miaka ya 1930.

Wakati huo visiwa hivi ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya karafuu zote za dunia, na Pemba ilikuwa mbele tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja. Soko kubwa lilikuwa India, na jingine visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa chini ya Waholanzi, ambako karafuu ilichanganywa na tumbaku kwenye sigara. Mdororo wa dunia ulioanza 1929 ulipofika bandarini, bei iliporomoka, na pigo likafika hadi kwenye majamvi ya kuanikia.

Mkarafuu ni mti wa kusubiri. Unachukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, na ukitunzwa unaweza kumzidi umri aliyeupanda. Uzazi wake hautabiriki. Mwaka mmoja matawi yanaelemewa, na mwaka unaofuata mti huohuo hutoa kidogo mno. Fedha, kwa upande wake, inahitajika kabla ya mavuno: kuna palizi, kuna chakula cha nyumbani, na wachumaji wanaolipwa kwa pishi wanataka chao jioni ileile. Kwa mwenye shamba mkopo ulikuwa kifaa cha kazi kama jembe na ngazi.

Na mkopo huo ulikuwa na umbo lake la Kipwani. Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, mwenye shamba na mkopeshaji walifunga bei ya khiyari. Kwa maandishi, shamba liliuzwa. Mwenyewe alibaki na khiyari ya kulinunua tena kwa fedha ileile kabla ya muda uliowekwa, na katika muda huo aliendelea kukaa humo na kuchuma, akimlipa mnunuzi ijara. Ijara ikafanya kazi ya riba, na bei ikafanya kazi ya mkopo. Muda ukipita bila fedha kurudi, mauzo yakawa mauzo ya kweli.

Anayechunguza thamani ya ardhi ya wakati ule hana budi kusimama hapa. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya khiyari hakikuonyesha shamba lilikuwa na thamani gani. Kilionyesha tu mwenye shamba alihitaji fedha kiasi gani msimu ule. Aliyehitaji kidogo aliandika bei ndogo hata kama shamba lake lilikuwa bora kuliko yote mtaani. Miaka ya neema tofauti hiyo haikumuumiza mtu, kwa sababu alikomboa. Karafuu ziliposhuka, wengi hawakuweza kukomboa, na ile bei ndogo ya karatasini ikageuka bei halisi ya kupoteza shamba. Thamani ya miaka mingi ya kusubiri mti ukue ilihama kwa tofauti kati ya mahitaji ya msimu mmoja na thamani ya shamba lenyewe.

Mkopeshaji naye hakuwa zimwi. Mara nyingi alikuwa mwenye duka la shamba, Mhindi aliyeuza mchele, nguo na mafuta ya taa kwa mali kauli, naye akidaiwa na mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Alitaka fedha zake katika msimu. Mashamba ya kupalilia na kutafutia wachumaji, wakati karafuu haina bei, hayakumfaa. Lakini fedha zilipokosekana alibaki na hati, na hati zikamfanya mnunuzi wa mwisho asiyetaka kununua. Mnunuzi wa namna hiyo hatoi bei nzuri, na akilipata shamba halitunzi kama mtu anayetarajia kulirithisha.

Palikuwa na kinga ya kale, shufaa, haki ya mshirika katika mali kununua sehemu ya mwenzake kabla ya mgeni. Katika mashamba yaliyogawanywa kwa mirathi, ambapo ndugu watano au sita walikuwa na hisa katika mashina yaleyale, shufaa ilikuwa jambo la maana sana. Mdororo uliifanya idhoofike bila mtu kuivunja. Ndugu alikuwa na haki ya kutangulia, ila mfukoni hamkuwa na rupia.

Mwaka 1934 serikali ya Himaya ya Zanzibar, chini ya usimamizi wa Uingereza, iliingilia kati kwa mfululizo wa amri. Iliyokuwa nzito zaidi ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamia kwa mtu wa asili nyingine bila idhini ya mwakilishi mkuu wa Uingereza. Nyingine zilibana ukopeshaji, zikasimamisha madai kwa muda, na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa 1927. Serikali ya India ilimtuma afisa wake, K.P.S. Menon, kuchunguza, naye akazikosoa amri hizo vikali akiona zinabagua raia kwa asili yao. Chama hicho kilipokabidhiwa udhibiti wa ununuzi mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ikasusia karafuu ya Zanzibar hadi suluhu ilipopatikana 1938.

Historia ya siasa imeusimulia mgogoro huu kama ugomvi wa jamii mbili. Kwa bei ya ardhi, maana yake ilikuwa nyingine. Amri ya 1934 ilimwondoa sokoni yule yule mnunuzi aliyebaki. Mashamba hayakunadiwa ovyo, na familia nyingi ziliepushwa na kufukuzwa kwenye mikarafuu ya babu zao. Wakati huohuo shamba ambalo mkopeshaji hawezi kulichukua haliwezi kuwa dhamana yake. Mkopo wa kupalilia ukakauka, na mwenye shamba akabaki na mali asiyoweza kuipoteza wala kuitumia kupata fedha ya msimu. Ndiyo maana serikali haikuweza kuishia kwenye katazo. Ililazimika kuingia yenyewe katika kutoa mikopo ya mavuno na kusuluhisha madeni ya zamani. Hilo ndilo lililokuwa sahihi katika sera nzima, na lilichelewa.

Miezi michache kabla ya amri za Zanzibar, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua shauri linalofanana nazo kwa kushangaza. Jimbo la Minnesota, likisukumwa na wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba, lilipitisha sheria mwaka 1933 ya kurefusha muda wa kukomboa mali iliyowekwa rehani, ilimradi mdaiwa alipe kodi ya haki kwa kukaa humo. Shauri lililofika mahakamani lilihusu nyumba ya familia ya Blaisdell mjini Minneapolis, walioamriwa kulipa dola 40 kwa mwezi. Januari 1934 majaji watano dhidi ya wanne waliikubali sheria hiyo. Mzee wa Wete, kule Pemba, angeielewa bila mkalimani: mali imekwenda kwa mdai, mwenyewe bado yumo ndani, analipa ijara, na khiyari yake haijafa.

Jimbo jirani la Iowa linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bei za mashamba yake zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Eka moja iliyokuwa na bei ya wastani wa dola 255 mwaka 1920 ilikuwa na bei ya dola 69 mwaka 1933. Udongo mweusi wa Iowa haukuharibika katika miaka hiyo 13. Wakulima walikuwa wamenunua kwa mkopo wakati wa neema ya Vita Kuu ya Kwanza, na mahindi yaliposhuka, deni lilibaki palepale. Aprili 1933, katika mji wa Le Mars, kundi la wakulima lilimtoa Jaji Charles Bradley mahakamani na kumfunga kamba shingoni, likimtaka aahidi kutotoa tena amri za kunadi mashamba. Alinusurika. Kwingineko walibuni njia ya amani zaidi. Siku ya mnada majirani walijaa uwanjani, wakataja bei ya senti chache kwa ng'ombe na plau, wakamkazia macho mgeni yeyote aliyetaka kupandisha, kisha wakamrudishia mwenyewe mali yake. Walikuwa wameelewa kwamba bei inashikwa na mnunuzi aliyebaki, wakahakikisha ni wao.

Nusu karne baadaye jambo lilijirudia. Mwaka 1970 eka ya Iowa ilikuwa dola 419. Nafaka zikapata soko nje, hasa baada ya Umoja wa Kisovieti kununua kwa wingi 1972, na mabenki yakakopesha kwa kutazama bei ya ardhi inavyopanda. Kadiri shamba lilivyopanda ndivyo mkopo ulivyokua, na mkopo ulipokua ndivyo mkulima alivyoweza kununua shamba jingine na kulipandisha bei zaidi. Mwaka 1981 eka ilifika dola 2,147. Lakini tangu mwishoni mwa 1979 benki kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilikuwa imebana fedha ili kuzima mfumuko wa bei, na Desemba 1980 riba ambayo mabenki huwatoza wateja wao bora ilifika asilimia 21.5. Hakuna mahindi yanayoweza kulipa riba hiyo. Mwaka 1986 eka ilikuwa dola 787. Karibu theluthi mbili ya thamani ilikuwa imetoweka kwa miaka mitano. Mwaka uliotangulia gavana Terry Branstad alikuwa amefufua sheria ya enzi ya mdororo wa kwanza ili kusimamisha unadishaji wa mashamba.

Hapa nyumba inadai nafasi yake katika simulizi. Aliyenunua shamba wakati ule alikuwa jirani asiye na deni, aliyekuwa tayari na nyumba yake. Alitaka ardhi. Nyumba ya mbao ya ghorofa moja, yenye ghala na kisima, ambayo familia ililelewa ndani yake kwa vizazi vitatu, haikumfaa kitu. Nyingi zilipangishwa kwa kodi ndogo, nyingine zikaachwa tupu, nyingine zikabomolewa na kiwanja kikalimwa mahindi. Watoto walipohama, shule za vijijini zilipungukiwa, maduka yakafunga, na nyumba za miji midogo nazo zikakosa wanunuzi. Kati ya sensa ya 1980 na ile ya 1990 Iowa ilipoteza zaidi ya watu 130,000. Bei ya ardhi ilikuja kupanda tena. Nyumba iliyobomolewa haina namna ya kupanda bei.

Linganisha na mteremko wa baadaye. Kati ya 2013 na 2016 eka ya Iowa ilishuka kutoka dola 8,716 hadi dola 7,183, kwa sababu mahindi yalikuwa yameshuka sana. Pigo hilo si dogo, lakini safari hii majaji hawakuvamiwa na magavana hawakusimamisha minada. Uchunguzi wa umiliki wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 82 ya ardhi ya kilimo ya jimbo hilo haikuwa na deni. Mwenye shamba lisilo na deni huusubiri mwaka mbaya upite. Halazimiki kumtafuta mnunuzi aliyebaki.

Zanzibar ilipita njia tofauti kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na familia zaidi ya 20,000 zikapewa eka tatu tatu. Waliopewa walipata haki ya kutumia na kuchuma, si ya kuuza. Soko la mashamba ya karafuu, kwa maana ya kisheria, likafungwa. Kwa hiyo Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu katika miaka ya 1980 na bei ya dunia ikaanguka, hapakuwa na takwimu ya kuonyesha thamani ya eka imeshuka kwa asilimia ngapi. Anguko lilijionyesha shambani: kwekwe zilipanda hadi kiunoni, mashina yaliyokufa hayakupandiwa mengine, mikarafuu ikakatwa kuni, na mihogo na migomba ikaingia katikati ya mistari. Mahali ambapo bei haina ruhusa ya kushuka, utunzaji ndio unaoshuka, na hasara hiyo ni ngumu zaidi kuirudisha, kwa maana mkarafuu uliokatwa leo unadai miaka sita hadi minane kabla ya mbadala wake kuonja jua la jamvini.

Kisha thamani ikahamia mahali ambapo hakuna mkulima wa zamani angeitafuta. Ukanda wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu, ni nchi ya maweni, yenye udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Karafuu haioti huko. Kwa hesabu ya mashina, ardhi ile ilikuwa karibu na bure. Utalii ulipofunguliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mchanga wa ufukweni ukawa na bei kuliko udongo mwekundu wa mashamba. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma, na kinachohamishwa ni haki ya matumizi. Hata hivyo fedha zinazopita mikononi ni fedha za kweli, na familia za wavuvi zilizouza mapema kwa bei ya shamba la mihogo zimeshuhudia wenzao wakiuza baadaye kwa bei ya hoteli.

Ardhi hii mpya nayo imeshaonja msukosuko. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya nusu milioni, na mwaka uliofuata, korona ilipofunga viwanja vya ndege, idadi ilishuka kwa takriban nusu. Kijiji kilichozoea kuishi kwa karafuu kilikuwa na uzoefu wa miaka mibaya. Kijiji cha hoteli kilikuwa na kizazi kimoja tu cha uzoefu, na vijana wengi waliopoteza kazi mwaka ule hawakuwa tena na kiwanja cha kurudia, kwa sababu baba alikuwa amekiuza.

Upande wa Bara, miteremko ya Kilimanjaro inatoa jibu jingine. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka, na kuanzia mwaka 2001 ikashuka hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo. Wachagga wengi waliitelekeza mibuni au kuing'oa, wakageukia ndizi, maziwa na mbao. Kihamba chenyewe, yaani shamba la ukoo, hakikufurika sokoni. Wazazi wamezikwa humo, na kukiuza kwa mtu wa nje ya ukoo ni jambo la kuitisha kikao. Nyumba za matofali zilizojengwa humo na watoto wanaofanya kazi Dar es Salaam au Arusha zimegharimu fedha nyingi ambazo hakuna mnunuzi wa kuzirudisha, maana mgeni hanunui nyumba yenye makaburi ya wengine uani. Kwa afisa wa benki hilo ni tatizo. Kwa familia ndiyo sababu bado wana mahali pa kwenda Krismasi.

Hapo ndipo mjadala wa sasa wa Tanzania unapohitaji kumbukumbu hizi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hasa tangu MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge ulioanza 2004, wanakijiji wamehimizwa kuchukua hatimiliki za kimila, na moja ya hoja kubwa imekuwa kwamba hati ni ufunguo wa mkopo. Hati ni kitu kizuri. Inamlinda mjane dhidi ya shemeji, na kijiji dhidi ya mvamizi. Ila mkopo unaopimwa kwa bei ya shamba katika mwaka wa neema ni ule ule wa Iowa ya 1979. Kipimo kinachomfaa mkulima ni mavuno ya mwaka wake mbaya: kama mwaka ule angeweza kulipa rejesho na bado akala, mkopo ni wake. Zaidi ya hapo benki inakopesha kwa kutegemea kuuza shamba, na itaamua kuliuza katika msimu ambao kijiji kizima hakina fedha ya kununua.

Kila kijiji chenye masjala ya ardhi kinaandika nani amehamisha haki kwa nani, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoidhinisha. Ingefaa daftari lilelile liandike mambo mawili zaidi: sababu ya kuuza, na kama mnunuzi ni ndugu, jirani au mtu wa mbali. Katika mwaka wa ukame, au wa korosho kukosa bei, mistari hiyo miwili ingeionyesha halmashauri, kabla ya msimu kwisha, ni familia ngapi zinauza kwa sababu ya ada ya shule na hospitali, na ni jina la nani linalorudi tena na tena upande wa wanunuzi.